Bamvua

Nimeiandika kazi, nikaipa jina Bamvua:
mabano mraba, ndani yake mwezi na siku,
na vimo vya maji alivyonisomea Chengo
kwenye simu, akiwa gatini Likoni, akishindana na honi.
"Tatu nukta sita. Andika. Tatu nukta tisa. Andika.
Sasa ngoja, kuna trela limekwama."

Maabara ya Tudor, saa mbili usiku.
Wanafunzi wameondoka na kuacha harufu ya viazi karai.
Kibonye cha S kimefutika. Feni yakohoa.

Niliiita kazi.
Ikafikiri.
Ikanirudishia namba moja:
3.9
na kimya.

Mchoro je? Niliuagiza, mstari wa tano:
mkunjo wa buluu, saa zimejipanga chini,
alama nyekundu pale daraja la feri linapoinama
hata magari mafupi yakakwaruza matumbo.
Ulichorwa. Nilipima muda:
theluthi ya sekunde ilipotea,
na wakati haupotei hivihivi.
Ulichorwa humo ndani, ukatiwa na rangi,
kisha mstari wa sita ukapita juu yake
na hakuna aliyeuona,
hata mimi niliyeuomba.

Simu ikatetemeka. Dadangu.
"Uko wapi? Barke amekwisha kupambwa.
Hina imekauka, asumini ziko kichwani,
ukumbi umejaa wanawake wanauliza.
Tulikubaliana wewe ndiwe utakayemtoa.
Mtoto yuko chumba cha ndani tangu alasiri!"
Nakuja, nikasema.
Sikuinuka.

Chema chajiuza, wasema watu.
Hawajawahi kuuza ndani ya mabano.

Niliondoa kwanza nuktamkato,
ile nukta yenye mkia inayoiambia mashine:
fanya, lakini usiseme.
(Nusu ya umri wangu imeishia kwa nuktamkato.)
Haikusaidia. Kazi husikiliza ndani,
hutamka la mwisho tu.

Nikaandika Chapa, nikauvisha mchoro.
Ukatokea!
Maji mafu yamelala kama shuka iliyopigwa pasi,
kisha mkunjo ukaanza kupumua,
ukapanda, ukashuka, ukapanda zaidi,
hata bamvua likagonga dari ya fremu.
Nikapiga makofi, peke yangu, kama mwehu.

Kisha nikataka kuushika,
niupanue, niuunge na wa mwezi ujao.
Mkono ukarudi na neno moja: Tupu.
Kumbe kuonyesha si kutoa.
Kilichochapwa kimeonwa na macho yaliyokuwapo,
basi; hakuna aliyepewa.

Nikafuta Chapa.
Nikaushusha mchoro mpaka mstari wa mwisho,
peke yake, bila mkia, kizingitini.
Bamvua, njoo.
Ikaja nao.
Nikaupa jina, nikauhifadhi, nikamtumia Chengo.
Akajibu kwa sauti, honi zikiwa palepale:
"Saa nne asubuhi, maji yakipwa sana, ndiyo yatutesayo.
Hilo goti langu lalijua miaka kumi na moja.
Lakini goti siwezi kulipeleka ofisini.
Hii nitapeleka."

Nilifika Kuze nikiwa na viatu vya kazini.
Wakanivua mkoba mlangoni, wakanitupia leso,
wakanisukuma ukumbini, katikati ya udi na macho,
mpaka chumba cha ndani.

Barke amekaa wima, mikono juu ya mapaja
kana kwamba si yake.
Maua meusi yamempanda mpaka viwikoni,
yamekamilika, kila jani na mshipa wake,
na nje ya ukuta huu hakuna aliyeyaona bado.
"Leo nitaonwa," akasema. "Na kesho?"
Kesho asubuhi gari la kwenda kwa wakwe, Kisauni.

Sikuwa na jibu.
Nikamwinua. Kiganja chake baridi, chanukia karafuu.
Nje vigelegele vikaanza kabla ya wakati wake.
Nikashika kitasa,
nikasimama.

"Mbona wanyamaza, shangazi?"

Nahesabu mistari, nikamwambia.
Ngoja kidogo.